Rangi ya kijani haitoshi: Mzazi asomeje namba za kadi ya kliniki?

Chukua mfano wa nyumba moja ya kupanga Kipawa, jirani na uwanja wa ndege. Wapangaji wawili wana watoto wa miezi tisa. Mmoja ni wa kiume, mashavu yamejaa, kila anayembeba anasema ni mzito. Mwingine ni wa kike, mwembamba, mchangamfu. Siku ya kliniki mama zao wanaongozana, wanakaa foleni pamoja na wanarudi pamoja.

Jioni wakichambua mchicha uani, mama mwenye nyumba anatoka.

"Shikamoo mama," wanamwamkia.

"Marahaba wanangu. Kliniki wamesemaje?"

"Wangu nane pointi tisa," anajibu mama wa mvulana.

"Na wako, mwanangu?"

"Saba pointi nne, mama."

Mama mwenye nyumba anaguna. "Huyu mwongezee uji. Mwenzake si unamwona alivyoshiba?"

Usiku ule mama wa binti analala na mawazo, na mama wa mvulana analala usingizi mzuri. Ukizisoma vizuri kadi za watoto hao wawili, ilipaswa kuwa kinyume chake.

Mazungumzo ya namna hii husikika katika nyumba nyingi, Kipawa, Temeke, Kinondoni na kwingineko. Kadi ya kliniki imejaa namba, lakini wazazi wengi hutoka nayo na jambo moja tu: uzito wa siku hiyo. Kuzisoma namba hizo hakuhitaji shule kubwa. Kunahitaji kujua mambo machache ambayo watafiti wa afya huanza nayo kabla ya jambo lingine lolote.

Namba si zote za aina moja

Kitu chochote kinachoweza kutofautiana kati ya mtoto na mtoto, au kubadilika kwa mtoto yule yule, watafiti hukiita kigeu. Wakiwa wengi huitwa vigeu. Uzito ni kigeu. Jinsia ni kigeu. Idadi ya chanjo ni kigeu. Swali la kwanza la mtafiti ni hili: kigeu hiki ni cha aina gani? Kadi ya mtoto inazo aina zote nne.

Aina ya kwanza ni ya majina. Jinsia ya mtoto na mtaa anaokaa viko hapa. Hakuna kilicho juu wala chini, ni tofauti tu. Wanaojaza fomu za utafiti huweza kuandika 1 kwa mvulana na 2 kwa msichana, lakini hiyo 2 haina maana kwamba msichana ni mara mbili ya mvulana. Namba hapo ni lebo, kama namba ya nyumba. Huwezi kuijumlisha wala kuitafutia wastani. Unaweza kuhesabu tu ni wangapi wako kila kundi.

Aina ya pili ni ya ngazi. Hapa kuna mpangilio, lakini umbali kati ya ngazi na ngazi haujulikani. Rangi za kadi ziko hapa: kijani ni bora kuliko kijivu, na kijivu ni bora kuliko nyekundu. Ni bora kwa kiasi gani? Rangi yenyewe haisemi.

Aina ya tatu ni ya kuhesabu. Mtoto amepata chanjo ngapi, ameharisha mara ngapi mwezi huu, mama amejifungua mara ngapi. Majibu ni 0, 1, 2, 3. Hakuna mtoto aliyeharisha mara mbili na nusu.

Aina ya nne ni ya kupima. Uzito, urefu, joto la mwili. Kati ya kilo 7 na kilo 8 kuna vipimo visivyo na mwisho, na kinachotuzuia kuvisoma vyote ni mizani yetu tu.

Aina hii ya nne ndiyo hubeba habari nyingi zaidi, na ndiyo hupotezwa kirahisi zaidi. Mfano mzuri ni ule mkanda ambao wahudumu wa afya huuzungusha mkononi mwa mtoto wa kuanzia miezi 6 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, katikati ya bega na kiwiko. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano. Kuanzia 12.5 kwenda juu ni kijani. Mkanda huu unaokoa maisha kwa sababu mtu yeyote anaweza kufundishwa kuutumia. Lakini angalia kilichotokea: kipimo kimegeuzwa kuwa ngazi. Mtoto wa sentimita 12.6 na wa sentimita 15 wote wanaitwa kijani, wakati wa 12.4 na wa 12.6, waliotofautiana kwa milimita mbili tu, wanapewa rangi tofauti.

Kwa hiyo mzazi akiambiwa "yuko kijani", ashukuru, kisha aulize swali la pili: namba yenyewe ni ngapi, na mwezi uliopita ilikuwa ngapi?

Mistari ya kwenye kadi imetoka wapi?

Bibi wengi husema, "Ukoo wetu ni wembamba, hizo ni hesabu za Wazungu." Wana haki ya kuuliza mistari hiyo imepimwa kwa watoto wa nani.

Kati ya mwaka 1997 na 2003, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisimamia utafiti wa ukuaji katika miji sita: Accra nchini Ghana, Muscat nchini Oman, Pelotas nchini Brazil, Delhi nchini India, Oslo nchini Norway na Davis nchini Marekani. Walipimwa watoto wapatao 8,500. Walichaguliwa watoto wanaonyonyeshwa, ambao mama zao hawavuti sigara, na ambao hali ya maisha nyumbani haiwazuii kukua. Viwango vilivyotokana na utafiti huo vilitolewa mwaka 2006, na ndivyo vinavyotumika leo katika nchi nyingi, Tanzania ikiwemo.

Jambo kubwa lililoonekana ni kwamba mtoto wa Accra, wa Muscat na wa Oslo, wakinyonyeshwa, wakilishwa vizuri na kukingwa na maradhi, hukua karibu sawa katika miaka mitano ya mwanzo. Damu ya ukoo inachangia tofauti kati ya mtoto na mtoto, lakini makundi makubwa ya watoto hayatofautiani sana kwa sababu ya rangi au bara.

Hapo tunarudi kwa watoto wetu wawili wa Kipawa. Kosa la kwanza la mama mwenye nyumba lilikuwa kulinganisha msichana na mvulana. Kwa viwango hivyo, mvulana wa miezi tisa aliye katikati kabisa ana kilo 8.9. Msichana wa umri huo aliye katikati ana kilo 8.2. Jinsia ni kigeu cha majina, lakini kinagusa uzito, ndiyo maana wavulana wana mistari yao na wasichana wana yao.

Wastani si mpaka wa afya

Neno "wastani" huwatia wazazi hofu bure. Kuna wastani wa kujumlisha na kugawanya, na kuna namba ya kati, yaani mediani: watoto wakipangwa kuanzia mdogo hadi mkubwa, ni yule anayesimama katikati.

Tofauti yake ni muhimu. Tuseme watoto watano wa mtaa mmoja wameugua homa, na siku walizougua ni 1, 2, 2, 3 na 17. Ukijumlisha unapata 25, ukigawa kwa 5 unapata wastani wa siku 5. Lakini hakuna mtoto hata mmoja aliyeugua siku tano. Wanne waliugua siku tatu au chini, mmoja ndiye aliyevuta wastani. Namba ya kati ni siku 2, na hiyo ndiyo inayosimulia vizuri zaidi hali ya wengi. Yule wa siku 17 hastahili kufichwa ndani ya wastani pia. Anastahili kupelekwa hospitali.

Mstari wa katikati kwenye mchoro wa ukuaji ni namba ya kati. Kwa maana hiyo, nusu ya watoto wenye afya njema wako chini yake. Kuwa chini ya mstari wa katikati si ugonjwa, kama ambavyo kuwa mfupi kuliko nusu ya darasa si ugonjwa.

Basi tatizo linaanzia wapi? Watafiti hupima jinsi watoto wenye afya wanavyotawanyika kuizunguka namba ya kati, kisha wanaugawa mtawanyiko huo kwa hatua. Wengi sana, karibu 95 kati ya 100, wako ndani ya hatua mbili juu au chini. Aliye chini zaidi ya hatua mbili ni wa kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa katika kundi la watoto wenye afya wa namna hiyo hawafiki 3 kati ya 100. Aliye chini zaidi ya hatua tatu anahitaji msaada wa haraka.

Kwa msichana wa miezi tisa, hatua mbili chini ni kilo 6.5. Binti yetu ana 7.4. Yuko chini ya katikati, lakini yuko mbali na hatari. Kadi yake inaonyesha miezi sita alikuwa na kilo 6.6, saba 6.9, nane 7.2, na sasa 7.4. Kila mwezi amepanda, na mstari wake unakwenda sambamba na mistari ya kadi. Huyu ni mtoto mwembamba anayekua vizuri.

Sasa tazama kadi ya mvulana. Miezi sita alikuwa na kilo 8.9, kilo nzima juu ya katikati ya wakati huo, ambayo ni 7.9. Miezi saba 8.9. Miezi nane 8.8. Miezi tisa 8.9. Amebaki pale pale miezi mitatu. Rangi ni kijani mwezi wa kwanza hadi wa mwisho, na mashavu bado yapo, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Lakini mstari umelala. Huenda tangu aanze chakula anapewa uji mwepesi mtupu. Huenda aliharisha. Huenda kuna maradhi mengine. Namba haisemi sababu, inasema tu kwamba kuna la kuuliza, na ni la kuuliza sasa, kabla rangi haijabadilika.

Kijiko kimoja cha mchuzi

Namba za mtoto mmoja hujumuishwa na za wengine kuonyesha hali ya nchi. Katika Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022, Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) na washirika wake walifika katika kaya zaidi ya 15,000 Bara na Zanzibar. Ilionekana kwamba asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani urefu wao uko chini ya hatua mbili kwa umri wao. Mwaka 2015-16 ilikuwa asilimia 34, na mwaka 2010 ilikuwa asilimia 42.

Weka namba hiyo karibu na ile ya watoto wenye afya. Kule hawafiki 3 kati ya 100. Hapa ni 30 kati ya 100. Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa kusema "ukoo wetu ni wafupi".

Wengine huuliza: kaya 15,000 zinawezaje kusema habari za mamilioni? Mpishi akitaka kujua kama mchuzi una chumvi hanywi sufuria nzima. Anakoroga vizuri, anaonja kijiko kimoja. Kukoroga kwa watafiti ni kuchagua kaya kwa bahati nasibu, ili tajiri na maskini, wa mjini na wa kijijini, wote wawe na nafasi ya kuingia kwenye kijiko. Ndiyo maana mtu wa takwimu akibisha hodi, akajitambulisha na kueleza haki ya kukubali au kukataa, inafaa kumsikiliza, na ukikubali kumpa majibu ya kweli. Jibu la kumfurahisha mgeni huharibu mchuzi.

Na ndiyo maana pia watoto wawili wa uani kwako si kijiko kilichokorogwa. Ni watoto wawili tu.

Kwenda pamoja si kusababisha

Utafiti ule wa 2022 ulionyesha jambo la kushangaza kidogo: Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayojulikana kwa kulima chakula kingi, ilikuwa miongoni mwa mikoa yenye udumavu mkubwa zaidi. Mtu wa haraka angesema chakula kingi kinadumaza. Ni wazi si hivyo. Katikati kuna vigeu vingine: mlo wa aina moja tu, muda wa mama kumlisha mtoto, maji, choo, maradhi. Vitu viwili vikionekana pamoja, cha tatu kisichoonekana kinaweza kuwa ndicho kinachovivuta vyote.

Watafiti wakitaka kujua sababu hasa, hulinganisha makundi yaliyogawanywa kwa kura. Mfano wa karibu ni majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo chanjo za kwanza za hatua yake ya mwisho zilitolewa Bagamoyo mwezi Mei 2009. Watoto 15,459 walishiriki katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika. Kwa Tanzania vituo vilikuwa Bagamoyo na Korogwe. Kura ndiyo iliyoamua nani apate chanjo ya malaria na nani apate chanjo nyingine. Aina ya chanjo ndiyo kigeu kinachojitegemea, kile mtafiti anachokipanga. Idadi ya mara mtoto alizougua malaria ndiyo kigeu tegemezi, kile anachosubiri kukiona. Kwa sababu kura haimjui tajiri wala mwenye chandarua kizuri, mambo hayo yaligawanyika karibu sawa pande zote mbili.

Kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne, malaria ilipungua kwa asilimia 36 katika muda wa miaka minne hivi. Maana yake, pale ambapo kundi lisilo na chanjo hiyo lingeugua mara 100, kundi lililochanjwa lingeugua mara 64. Haina maana kwamba watoto 36 wamekingwa kabisa na 64 hawana kinga. Mzazi aliyeelewa hivyo anajua mambo mawili kwa pamoja: chanjo hiyo ilisaidia sana, na chandarua hakitupwi. Mwezi Oktoba 2021 WHO ilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wanaoishi penye malaria nyingi.

Jirani akisema, "Mimi wangu nilimpa dawa fulani ya mitishamba akanenepa," anatoa habari ya mtoto mmoja, bila wa kumlinganisha naye. Inawezekana angenenepa hata bila dawa hiyo. Hakuna kosa kumsikiliza. Kosa ni kuacha kliniki kwa sababu yake.

Mzazi aulize nini siku ya kliniki?

Kwanza, namba yenyewe. Si rangi tu. Aombe uzito uandikwe na nukta itiwe kwenye mchoro, sio kwenye daftari la nesi peke yake.

Pili, mwendo. Nukta za miezi mitatu iliyopita zinapanda, zimelala au zinashuka? Nukta moja ni picha, nukta nne ni safari.

Tatu, namna ya kupima. Mtoto mwenye nepi iliyolowa na sweta anaweza kuongezeka gramu mia kadhaa bila kuongezeka. Apimwe akiwa na nguo nyepesi kila mara, na mizani ianzie sifuri.

Nne, urefu. Mtoto mfupi mno kwa umri wake anaweza kuonekana amejaa. Uzito peke yake hautoboi siri ya udumavu, kwa hiyo ni haki kuuliza, "Nesi, samahani, na urefu wake je?"

Mwisho, asisubiri tarehe ya kliniki iwapo mtoto amevimba miguu yote miwili, amekataa kunyonya au kula, anatapika kila kitu, ana degedege au amelegea. Hizo si habari za kuwekwa kwenye mchoro. Ni za kukimbizwa kituo cha afya saa hiyo hiyo.

Kwa wale mama wawili wa Kipawa, kazi ya kesho yake iko wazi. Mama wa binti aendelee kama anavyoendelea: maziwa yake, uji wenye karanga au dagaa waliosagwa, tunda na mboga, na arudi mwezi ujao. Mama wa mvulana asingoje mwezi ujao. Aichukue kadi, arudi kwa nesi, aweke kidole kwenye nukta nne zilizolala na kuuliza kuna nini. Na mama mwenye nyumba, kwa heshima zote, aombwe naye kuitazama kadi kabla ya kuyatazama mashavu.